Kabla Hujauza Mashine ya Randa

Endebess,
Jumanne, 11 Machi 2025

Kwa ndugu yangu mpendwa Wanyonyi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa shemeji yako na kwa watoto wote wa hapa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, Viola naye mzima, na mapacha wamepona kile kikohozi kilichowasumbua Februari yote. Sisi hatujambo. Jua limekuwa kali, nyasi zimekauka, na ng'ombe wanatoa maziwa kidogo mpaka nawaonea haya wateja. Mashamba tumeshalima, tunangoja mvua tu. Shemeji yako bado na mgongo wake. Kuinuka kitini ni shughuli, lakini anakula vizuri na anabishana vizuri, kwa hivyo sina wasiwasi naye. Mama nilimwona Naitiri wiki mbili zilizopita. Goti limepungua kuvimba, na aliniuliza mara tatu kama umeanza kumtengenezea ile kabati. Nilimwambia uko njiani kuanza.

Najua umeshangaa kuona karatasi. Mimi na wewe tunaongea kwa simu kila Jumapili, na mara ya mwisho tuliandikiana barua ulikuwa shule ya bweni, wewe ukiniomba sabuni na mimi nikikutumia mawaidha. Nimeandika kwa sababu kwa simu wewe hukatiza watu maneno, na mimi nikikatizwa huwa nafurahi kupata nafasi ya kukimbia. Safari hii sitaki kukimbia. Nimempa barua Rosaline wa kikundi chetu cha maziwa, anayekuja Bungoma kesho kumwona binti yake, na nimemwambia akukabidhi mkononi hapo karakana. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujanipigia.

Viola alinipigia wiki iliyopita. Hakulia, unamjua, lakini alikuwa anaongea polepole sana, na Viola akiongea polepole ujue mambo yameharibika. Aliniambia mnunuzi kutoka Webuye anakuja Jumamosi hii kuchukua mashine ya kuranda mbao. Kwamba bei mmeshakubaliana, na kwamba pesa yote itaenda kwa Kocha Wekoye ili uingie Ngazi ya Pili, uwe kocha wa kuuza mtandaoni kwa upande wote wa Bungoma. Aliniambia wale vijana wako wawili wa karakana hawajaambiwa bado. Kisha akasema, "Dada, mimi ananiona napinga tu. Wewe huwa anakusikiliza." Hayo maneno yalinichoma, na ukifika chini utajua kwa nini.

Mashine hiyo naijua. Nakumbuka miaka minne ukiranda kwa mkono mpaka kiganja kikawa kigumu, na siku ilipofika kwa mkokoteni ulinipigia ukaiwasha ili niisikie kwa simu, nikakuambia ni kelele tu, ukakasirika. Sitaki kuanza kukuhesabia ilivyokugharimu, wewe mwenyewe unajua. Nataka tu ujue kwamba ninapoandika haya naiona machoni, na Jumamosi naiona pia.

Sasa turudi Februari. Uliniomba kwamba kwa vile mimi huenda Kitale kila wiki kupeleka yogati, niende nimwangalie huyo Kocha, nikuambie kama ni mtu wa kuaminika au ni wale wa kuuza hewa. Nilikujibu hapo hapo, hata bila kuvuta pumzi, kwamba nasikia ni mtu mzuri. Halikuwa jibu la mtu aliyeenda kuangalia. Alhamisi iliyopita, baada ya simu ya Viola, ndipo nilienda kweli.

Hapa kwetu mtu akija na mbegu mpya hatumsikilizi mdomo. Tunangoja siku ya wakulima, tunaingia kwenye mahindi yenyewe, tunamenya hindi, tunahesabu mistari ya punje. Na hata hapo mkulima aliyekomaa haishii kando ya barabara, kwa sababu anajua mistari ile ya mbele hutiwa mbolea mara mbili ili wageni waione. Mwaka ule watu wa mbegu walipotumia shamba letu kwa maonyesho, ni mimi mwenyewe niliyetumwa kuitia. Mkulima mjanja huenda mpaka katikati ya shamba, mahali ambapo hakuna aliyedhani ataingia. Basi nikasema nitamwendea Kocha hivyo hivyo.

Nilifika mapema. Ile ofisi unayoiona kwenye video, yenye mlango wa kioo na jina lake, iko ghorofani nyuma ya saiba, chumba cha kompyuta na intaneti, ya mama mmoja anayeitwa Chepkosgei. Siku hiyo mlango ulikuwa na jina la wakala wa bima. Nilidhani nimepotea. Chepkosgei akaja na karatasi ngumu yenye jina la Kocha, akabandua ile ya bima, akabandika hii, akaniambia nikae. Nilimuuliza kama ndivyo ilivyo kila siku. Akasema chumba ni chake, anakikodisha kwa saa, na kwamba Kocha ni mteja mzuri ila huwa anasahau kuzima taa. Alisema bila ubaya wowote. Kukodi chumba kwa saa si dhambi, ndugu yangu, lakini yeye hutuambia ni makao makuu.

Kocha alinipokea kwa furaha kubwa, na sababu yake nitakueleza. Nilimuuliza, ukitoa haya masomo, yeye mwenyewe anauza nini huko mtandaoni. Akacheka. Akasema, "Madam, mimi nauza maarifa." Nikamuuliza ni maarifa ya kuuza nini. Akasema aliuza viatu kwa miaka miwili kabla hajaanza kufundisha. Nikamwomba anisimulie kuhusu mteja aliyerudisha viatu kwa sababu saizi haikumtosha. Akasema hakupata mteja wa namna hiyo. Wanyonyi, mtu aliyeuza viatu hata wiki moja ana kisa cha saizi. Mimi nauza yogati, kitu kisicho na saizi, na bado kuna mama huwa ananirudishia pakiti akisema ni ndogo kuliko ya juzi.

Kisha akanionyesha zile picha za skrini za malipo, ambazo wewe pia ulinitumia ukiwa umechangamka. Alisema moja ni ya mwanafunzi wa Kakamega, nyingine Eldoret, nyingine Bungoma. Nilivaa miwani, nikaziangalia juu kabisa mahali simu huandika saa na chaji. Zote tatu ni saa kumi na dakika kumi na mbili, na zote betri imebaki asilimia thelathini na moja. Fungua simu yako uangalie. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeziona mara nyingi na sikuwahi kuangalia pale juu, kwa sababu macho yalikuwa yanakimbilia kile kiasi.

Nikamuuliza kuhusu walioshindwa. Akasema hakuna aliyeshindwa, kuna walioacha njiani. Nikamwomba namba ya mmoja aliyeacha. Akasema hizo ni siri za wanafunzi. Lakini wanaosifu, siri zao anazibandika kila asubuhi.

Sitamdhulumu. Kuna vitu alivyofundisha ambavyo ni kweli: piga picha ya kitu chako mchana karibu na dirisha, andika bei wazi, mteja akiuliza mjibu upesi, usimwambie "njoo inbox". Hayo yamenisaidia. Ila hayo hata Khadijo, rafiki yangu anayeuza madera karibu na msikiti pale Kitale, anakuambia bure ukikaa dukani kwake dakika kumi. Ngazi ya Kwanza ina vitu hivyo vinne na kelele nyingi. Nilimuuliza Ngazi ya Pili ina nini zaidi. Alizunguka sana, na nilipomfuata nikaona ni kitu kimoja tu: unafundishwa kuuza Ngazi ya Kwanza. Sasa jiulize, utawafundisha watu wa Bungoma kuuza nini, na wewe mwenyewe kitu ulichokuwa unauza ulikitengeneza kwa mashine ambayo haipo?

Najua utakachosema. Utasema Wekoye ni mkoki wako, watu wa tohara ya mwaka mmoja, elfu mbili na nne, na kwamba mkoki hawezi kumla mwenzake. Uliniambia hayo kwa sauti ya mtu aliyefunga kesi. Mambo ya kisu si ya wanawake na mimi sijaingia huko. Lakini hesabu ya miaka hata sisi tunaijua, maana ndio tunaopika. Nilipokuwa Naitiri kwa Mama nilikutana na Wamalwa anayeuza miche ya parachichi. Naye yuko kwenye kundi la Kocha. Akaniambia kwa fahari, "Yule ni mkoki wangu bana, wa elfu mbili na mbili." Wiki iliyofuata fundi wa simu wa Kimilili akaandika kwenye kundi akimshukuru mkoki wake wa elfu mbili na sita. Kocha akamjibu kwa moyo mwekundu. Sijui alitahiriwa lini, na sitaki kujua, lakini najua mtu hatahiriwi mara tatu. Anawauliza mwaka wenu kwanza, kwa heshima, kisha anashangaa kwamba ni wake pia.

Nilipotoka ofisini nilipitia kwa Khadijo. Amefunga, na duka limejaa akina mama wanaotafuta nguo za Idi, kwa hivyo nilikaa kando nikingoja. Kona moja, nyuma ya marobota, kulikuwa na stuli mpya ambayo bado imefungwa karatasi. Karatasi ilikuwa imechanika kwenye mguu. Nilipoona vile vigingi vya mbao badala ya misumari, kama alivyokuwa akifanya Baba, nilijua ni yako kabla hajasema neno.

Nilimuuliza ameipata wapi. Akacheka, akasema ni homuwaki, kazi aliyopewa kwenye masomo ya Kocha, maana naye alijiunga. Kila Jumatatu Kocha humtumia kila mwanafunzi, kivyake, jina la mwanafunzi mwingine, na unatakiwa ununue kitu chake kabla ya Ijumaa, usimwambie mwenyewe, "ili kumpa moyo". Hiyo ndiyo Ngazi ya Kwanza inavyoendelea kwa wiki sita, na najua nawe umenunua vya wenzako ukidhani ni wewe peke yako uliyetumwa. Khadijo hana haja ya stuli. Kwa duka lake hakuna hata pa kuiweka. Na yeye mwenyewe, madera kumi na moja aliyouza mtandaoni mwezi ule wa kwanza yalinunuliwa na wanafunzi, mmoja wao mwanamume asiye na mke. Alipogundua aliacha masomo, na sasa anaweka picha zake mwenyewe, nguo imetundikwa mlangoni, bei chini yake, na anapata wateja wawili watatu kwa wiki. Si wengi, lakini wanarudi.

Wale wateja sita wa stuli walioagiza ndani ya wiki moja, ambao ulinipigia ukiniimbia majina yao na miji yao, sidhani kama kuna mmoja aliyetaka stuli. Najua ninavyokuumiza kusema hivyo. Stuli ni nzuri. Watu wanaonunua stuli zako hapo karakana kwa sababu wamezikalia, hao ni wateja. Hawa sita walitumwa.

Sasa nimefika pale ambapo ningependa kumalizia na kutuma salamu.

Unamkumbuka yule mama mjane wa Trans Nzoia, ambaye maneno yake yako juu kabisa kwenye ukurasa wa Kocha, pamoja na picha ya ng'ombe bila picha ya mtu? Yule anayesema mumewe alimwachia watoto na ng'ombe watatu, na hakusoma zaidi ya darasa la sita, na kwamba baada ya wiki mbili tu za masomo alipata oda arobaini? Ulinisomea maneno yake kwa simu Januari. Ulisema, ikiwa mjane asiye na masomo ameweza, wewe mwenye mikono miwili na karakana unaogopa nini. Nilikuwa nimesimama zizini na ndoo mkononi, nikakuambia ndoo inamwagika, nitakupigia.

Mjane huyo ni mimi. Shemeji yako, kama unavyojua, hajafa. Siku Kocha aliponitumia yale maneno niyakubali, alikuwa amekaa hapa mbele yangu anakunywa chai na kulalamika kwamba haina majani.

Nilianza masomo Juni mwaka jana, na sikukuambia kwa sababu niliona haya, mtu mzima kwenda kusoma simu. Oda arobaini zilikuja kweli. Nilishindwa kulala kwa furaha. Kocha aliponiomba ushuhuda nilimwambia ukweli wangu wote, na yeye akaurudisha ukiwa na mjane ndani yake. Nilimpigia nikalalamika. Akasema mjane anagusa watu zaidi, na kwamba jina langu halipo, kwa hivyo si uongo juu yangu. Nilikubali, na nilikubali upesi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Agosti nilijua zile oda zilitoka wapi. Nilimpelekea yogati mama mmoja anayeitwa Joan, huko Kipsongo, ambaye alikuwa ameagiza mara tatu. Anafua nguo za watu. Kwenye kona ya chumba kulikuwa na pakiti zangu zote za wiki mbili, hazijafunguliwa, zimefura. Alisema yeye na watoto hawapendi kitu kichachu, lakini homuwaki ni homuwaki, na mwalimu alisema asiyenunua kwa wenzake hatanunuliwa. Alikuwa bado anangoja mtu wa kununua maandazi yake. Nilisimama pale nikaelewa kila kitu, Wanyonyi. Nilimrudishia pesa yake ya siku hiyo, nikapanda juu barabarani, na ule ushuhuda sikuutoa.

Usiniulize kwa nini, nitakuambia mwenyewe. Kwenye kundi, ambako naandika kwa laini aliyonipa Kocha isiyo na jina langu, waliniita Madam. Watu mia mbili walikuwa wakiniandikia asubuhi, "Madam, umetutia nguvu." Hapa nyumbani naitwa wakati ng'ombe amekataa kukamwa. Nilipenda kuitwa Madam. Na kulikuwa na jambo lingine. Kwa kila mtu aliyejiunga akisema ameguswa na maneno ya mjane, Kocha alinitumia fungu langu. Sio kubwa. Ujumbe huingia na jina la aliyejiunga, ili ujue ni nani umemwokoa, yeye ndivyo anavyosema.

Tarehe ishirini na nne Januari simu ililia nikiwa nachuja maziwa. Nilifuta mikono, nikaisoma. Jina lilikuwa lako.

Nilikaa na hiyo simu mkononi mpaka maziwa yakapoa. Nilijiambia nitakupigia jioni. Jioni nikajiambia pengine wewe utafaulu, wewe ni mwerevu kuliko sisi. Kisha Februari ukaniuliza kama ni mtu wa kuaminika, na nikakujibu vile nilivyokujibu. Ile pesa nilinunua mtungi wa maziwa. Jana nimeuuza kwa Rosaline, na kile nilichopata nimekiongeza mpaka kikafika fungu lote lililokuja na jina lako, nikamtumia Viola asubuhi hii. Hakujua ni za nini, aliniuliza kama nimekosea namba. Mwambie wewe.

Kwa hivyo ukiniuliza nani wa kuaminika kwenye jambo hili, mimi simo. Nimekuandikia kurasa nyingi nikimchambua Kocha kana kwamba nimesimama mbali, na nilikuwa ndani ya shamba lake, ule mstari wa kando ya barabara. Usiache kuuza mashine kwa sababu nimesema. Mpigie Khadijo, namba yake nimeiandika nyuma ya ukurasa huu, muulize kuhusu stuli. Muulize Wamalwa mwaka wake. Angalia zile picha juu kabisa. Mtafute Joan ukiweza, na ukimpata usimtaje dada yako, hana sababu ya kunisema vizuri. Baada ya hapo, ukiona bado unataka kuuza, mashine ni yako na mimi sitafungua mdomo. Ila ukiiuza kwa sababu ya yule mjane, nitajua kwamba niliiuza mimi.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili ndilo ninalokuomba kama ndugu. Kocha ana mkutano hapo Bungoma Ijumaa alasiri, ambao ulipanga kwenda na pesa za kianzio. Alhamisi alinipokea kwa furaha kwa sababu ametangaza kwamba mjane atakuja mwenyewe, kwa mara ya kwanza, aonekane na watu. Ameniomba nivae kitambaa cheusi. Alinionyesha hata namna ya kukifunga. Nilimwambia nitakuja, na nitakuja. Shemeji yako nimemwambia kila kitu juzi, akauliza kama alikufa kwa ugonjwa au kwa ajali. Sijui kama alikuwa anatania. Amesema atanisindikiza, mgongo ukimruhusu.

Nataka nisimame nitaje jina langu na jina la mume wangu na kusema zile oda zilitoka kwa nani. Nimeyafanyia mazoezi zizini. Lakini ninaogopa, Wanyonyi. Naogopa watu mia mbili, na zaidi ya hao naogopa kwamba mtu akiniita Madam kwa heshima nitayeyuka na kusema yale mengine, maana nayajua kwa moyo. Nimeshashindwa mara mbili na wewe ukiwa kwenye simu, peke yako, unaniuliza kwa upole.

Kwa hivyo njoo ukae mbele. Hata kama umekasirika, na una haki, kasirika ukiwa umekaa mbele. Ukiona nimesimama pale na mdomo umenikauka, au nimeanza kusema habari za marehemu, usingoje nimalize. Inuka, mbele yao wote, na uniite dada.

Nisalimie Viola, umwambie alifanya vizuri kunipigia. Nisalimie mapacha na wale vijana wa karakana. Mama tutamwambia pamoja, ukikubali tuwe pamoja. Mungu awalinde nyote mpaka tuonane Ijumaa.

Ni mimi dada yako,

Wilkista Nasimiyu